Tuandikeni kwenye bajeti: barua ya wazi kwa kamati za matembezi ya hisani

Ndugu wenyeviti, makatibu na waweka hazina,

Mimi ni dereva wa gari la msaada, lile linalofuatana na watembeaji likiwa na madumu ya maji, sufuria, mikeka, sanduku la dawa na wale ambao miguu imegoma. Watembeaji mnawajua kwa sura na majina. Sisi mnatujua kwa namba za simu, na aghalabu mnatupigia mkishakwama. Sikuchagua kamati moja ya kuiandikia, maana ninayotaka kuyasema nimeyaona kwa zaidi ya kamati moja, na si haki mmoja abebeshwe mzigo wa wengi.

Nianzie mwisho wa safari. Tulikuwa Dodoma, siku ya 18 tangu tuondoke Dar es Salaam. Uwanjani kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, ngoma na mgeni rasmi. Mshereheshaji akashika kipaza sauti akatangaza kwamba matembezi yale hayakutumia hata shilingi moja ya michango. Kila kilichochangwa kinakwenda kwa watoto. Vigelegele vikapigwa. Nilivisikia nikiwa nje ya geti, kwa kuwa mlinzi alikuwa ameambiwa aingize wenye fulana nyeupe, na fulana hazikufika kwetu sisi wa magari. Nilikuwa nimekaa kwenye bampa nahesabu risiti za dizeli. Zilikuwa 14, za elfu thelathini thelathini. Jumla laki nne na ishirini, fedha yangu na ya utingo wangu, tuliyoambiwa tutangulize, tutarudishiwa.

Baadaye wakapandisha jukwaani ile hundi kubwa ya boksi. Naijua ile hundi kuliko mtu yeyote aliyepiga nayo picha. Ilisafiri siku zote 18 ndani ya gari langu, juu ya madumu, sehemu ya kiasi ikiwa wazi inasubiri kujazwa. Pale Gairo ilidondokewa na mchuzi wa maharage, na utingo akalifuta doa kwa spiriti ya vidonda. Ukiangalia picha zile vizuri, kwenye kona ya chini kushoto kuna kivuli cha kahawia. Hayo ni maharage ya mama mpishi.

Barua hii haidai fulana, na ile laki nne tulirudishiwa baadaye, nusu kwa nusu. Nawaandikia juu ya ile kauli ya jukwaani. Naamini ndiyo inayowahatarisha watu barabarani, na walioitoa hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Kamati ikishaahidi kwamba msafara hautakula chochote, lazima mtu aulishe kwa siri. Basi msafara unakula usingizi wa dereva, mfuko wa mpishi na klachi ya gari.

Ngoja niwaeleze msafara wenyewe unavyokula, kwa hesabu, maana waweka hazina wanaelewa hesabu.

Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilomita zipatazo 450. Tulikuwa na watembeaji 40, mwendo wa kilomita 25 kwa siku. Wasaidizi tulikuwa sita: madereva wawili kwa magari mawili, utingo, wapishi wawili na muuguzi mmoja. Mtu anayetembea kwenye jua la Mlandizi na Chalinze anahitaji kama lita tano za maji ya kunywa kwa siku. Zidisha kwa 40, ni lita 200, madumu kumi. Uji, chai na chakula cha jioni ni madumu matatu. Kuosha miguu, lita mbili mbili kwa kila mtu, ni madumu manne. Hayo ni madumu 17, kilo 340, kabla sijapakia kiazi hata kimoja. Na hayo yanachotwa upya kila siku. Karibu na mto Ruvu maji si kazi. Ukishaipita Gairo ukaanza kuteremka kuelekea Kibaigwa, dumu unanunua, na wakati mwingine unapanga foleni kisimani nyuma ya akina mama wa kijiji ambao hawakualikwa kwenye matembezi yenu lakini wanayachangia maji.

Maji peke yake hayatoshi, nalo hilo tulijifunza kwa taabu. Siku ya tatu kijana mmoja mwenye nguvu zake alianza kuumwa kichwa, akatapika, kisha akawa anaongea maneno yasiyoshikana. Wenzake wakamwongeza maji. Muuguzi akawazuia: alikuwa amekunywa chupa kwa chupa tangu alfajiri bila kula kitu chenye chumvi, na jasho lilikuwa limeikomba chumvi yote mwilini. Tukamkimbiza kituo cha afya, akapona. Kuanzia siku hiyo kila kituo tuliweka ndoo ya pili: katika kila lita ya maji safi, sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko. Ni kitu cha bei ya andazi. Lakini mkoba wa dawa ulioandaliwa na kamati ulikuwa na dawa za malaria na kopo la vitamini, haukuwa na chumvi, kwa sababu aliyeuandaa hakuwahi kutembea kilomita 25 wala kumuuliza aliyetembea.

Sasa barabara. Wengi wenu mnapenda picha ile: bango mbele, watembeaji wamejaa upande wa kushoto wa lami, gari la msaada nyuma yao limewasha taa za dharura, linatambaa. Picha ni nzuri, ila jamani, ni hatari. Gari linalotambaa kwa mwendo wa mtu halina gia yake. Unakaa gia ya kwanza, nusu klachi, saa sita mfululizo. Siku ya saba, karibu na Mikese, klachi ilianza kunuka kama plastiki iliyoungua na sindano ya joto ikapanda. Na nyuma yako yuko nani? Ni malori. Hadi Msamvu pale Morogoro mko na yanayokwenda Tunduma na Zambia, na baada ya hapo mnabaki na ya Rwanda, Burundi na Kongo. Lori lenye tela likikukuta unatambaa kwenye kona linafanya mawili: ama linafunga breki za ghafla nyuma yako, ama linakupita na kukutana uso kwa uso na basi. Katika yote mawili watembeaji wako katikati, na wamegeuzia mauti migongo.

Watoto wa shule ya msingi wanafundishwa kanuni: anayetembea kando ya barabara isiyo na njia ya miguu akae kulia, aone gari linalomjia. Baada ya klachi kunuka tulifanya hivyo, bila kuomba kibali cha mpiga picha. Watembeaji wakahamia kulia, mstari mmoja, nje ya lami pale penye bega la barabara, wa kwanza na wa mwisho wamevaa vizibao vya kuakisi mwanga. Gari langu likaacha kuwafuata. Nikawa natangulia kilomita mbili, naegesha nje kabisa ya barabara, naweka pembetatu, natoa ndoo mbili na kikombe, nawasubiri. Wakipita wote, utingo anawahesabu: 38, 39, 40. Gari la pili linabaki nyuma ya mtu wa mwisho, nalo linaruka na kusubiri. Dizeli ilishuka, na hofu ikapungua nayo.

Mtindo huo haukubuniwa nasi. Mwaka 1980 kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekatwa mguu mmoja kwa saratani, alianza kukimbia kutoka St. John's, Newfoundland, kuchangisha fedha za utafiti wa ugonjwa huo. Alikwenda kwa siku 143, kilomita 5,373, mpaka saratani iliporudi kwenye mapafu na kumsimamisha karibu na Thunder Bay. Dunia inalijua jina lake, na ni haki yake. Wachache wanamkumbuka Doug Alward, rafiki yake wa shule, aliyeendesha gari, akapika, akawa anatangulia maili moja na kumngoja, kisha maili nyingine, tangu siku ya kwanza. Ndani ya lile gari waligombana hadi ikafika hatua hawasemeshani, ndipo mdogo wake Terry, Darrell, akaja kuungana nao. Nikisoma habari hiyo nacheka peke yangu. Mimi na utingo tulinuniana kutoka Dakawa hadi Gairo kwa sababu ya kopo la sukari.

Nirudi kwa watembeaji wetu. Mchana wakifika kambini wanavua viatu, na hapo ndipo kazi ya muuguzi inaanza. Anakaa kwenye kigoda, beseni mbele yake, foleni inajipanga. Lengelenge halichunwi ngozi. Anasafisha, anatoboa pembeni kwa sindano safi, anakamua maji taratibu, anaiacha ngozi ifunike kidonda, spiriti, plasta, soksi kavu. Miguu 80. Nimemwona akimaliza wa mwisho jua limezama, akibaki amekaa vilevile, mikono ndani ya beseni, kama mtu aliyesahau kilichompeleka pale. Alikuwa amechukua likizo yake ya mwaka kuja kufanya kazi hiyo.

Na choo. Naona haya kidogo kuliandika hili, lakini nisipoliandika mimi hataliandika mtu. Katika wale 40, wanawake walikuwa 17. Mpango wa safari, kurasa zake zote, haukuwa na neno choo. Wanaume waliona pori linatosha. Siku ya pili dada mmoja akaacha kunywa maji ili asihitaji kujisaidia, na nimeshaeleza jua lile linafanya nini. Wapishi ndio waliotuokoa. Walitoa kanga zao mbili, utingo akachonga miti minne na kuchimba shimo, na kuanzia hapo kila kituo cha tatu kilikuwa na choo cha kanga, jembe na dumu dogo la maji. Mkitaka kujua nani alifikisha watu Dodoma, zitafuteni zile kanga.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini.

Siku tuliyolala Dumila nilikuwa macho tangu saa nane usiku, kama kila siku. Wapishi wanaamka saa hiyo ili uji uive, sisi tunapakia, watembeaji wanaanza saa kumi na moja na nusu kukianza kupambazuka. Walifika kambini saa sita na nusu mchana. Wao wakalala. Mimi nikaenda kutafuta maji, kisha sokoni, kisha kukagua kambi ya kesho. Saa mbili usiku nikapigiwa simu na mjumbe wa kamati. Kuna maboksi yametumwa kwa basi, yapo stendi Morogoro, yanatakiwa yafike kabla ya asubuhi kwa sababu kutakuwa na mgeni. Nikamwambia nimechoka. Akaniambia, kwa upole kabisa, "Kaka, sote tunajitolea."

Nikaenda. Wakati wa kurudi, baada ya saa tano usiku, mahali fulani kati ya Dakawa na Dumila, nililala. Sikumbuki kusinzia. Nakumbuka sauti ya kokoto ikipiga chini ya gari, matairi ya kushoto yakiwa nje ya lami, na nguzo ya kilomita ikinijia kwenye taa. Nikakata kulia. Gari likayumba, likakaa. Nikasimama, nikazima injini, nikasikiliza vyura wa mashamba ya mpunga. Kisha nikapatambua mahali pale. Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimeweka ndoo zangu mbili na kikombe hatua chache kutoka ile nguzo, na watu 40 walikuwa wamepita hapo, mmoja mmoja, wakihesabiwa.

Ndani ya maboksi mlikuwa na fulana nyeupe.

Mabasi yetu ya masafa marefu yanatakiwa kuwa na dereva wa pili safari inapozidi muda wa saa nane. Abiria wenyewe wanapiga kelele wakimwona dereva mmoja anakokota usiku kucha. Lakini gari la hisani halina abiria wa kupiga kelele. Lina watu wa kushukuru tu, na shukrani hazimwamshi aliyelala kwenye usukani.

Najua mtaniambia kujitolea ni sadaka. Ni kweli, nami nilijitolea na nitajitolea tena. Lakini mwenye kujitolea hutoa muda wake na nguvu zake. Dizeli haijitolei, wala breki, wala usingizi. Nchi hii ina historia ndefu ya mizigo na miguu, na wazee wetu hawakuwa wajinga. Karne ya 19, misafara ilipotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mpagazi wa Kinyamwezi alijua uzito wa mzigo wake na posho yake kabla hajajitwika. Kirangozi alitangulia, tajiri alibeba vitambaa na shanga za kubadilishana na mtama njiani, na msafara ulioishiwa posho uliona wapagazi wakitoroka usiku. Walivuka nyika kavu ya Marenga Mkali kuingia Ugogo, jirani na njia tunayopita leo na chupa zetu za plastiki. Hakuna tajiri aliyefika pwani akajisifu kwamba msafara wake haukula kitu. Angechekwa. Hata leo Kilimanjaro mzigo wa mpagazi hupimwa getini, usizidi kilo 20. Mgeni anapanda kwa starehe yake, na bado aliyembebea ana mizani inayomlinda. Sisi tunaokwenda kwa ajili ya watoto wagonjwa hatuna mizani yoyote.

Matembezi pia tunayajua. Mwaka 1967 watu walitembea kutoka pande mbalimbali kuliunga mkono Azimio la Arusha, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Kijana Seti Benjamin alifia njiani katika matembezi ya mwaka ule. Nikilisikia jina lake huwa najiuliza lile ambalo dereva yeyote angejiuliza: gari lilikuwa umbali gani, na aliyeliendesha alikuwa amelala saa ngapi usiku uliotangulia?

Mtasema pia kwamba wachangiaji hawapendi kusikia gharama. Mtu akitoa elfu kumi ya mtoto, hataki elfu mbili iende kwenye dizeli. Ninalielewa hilo. Lakini anayetoa elfu kumi anajua pia kwamba watu 40 hawawezi kufika Dodoma wakila upepo. Mkimwambia gharama ni sifuri, hamjamlinda. Mmemfundisha kudai muujiza kwa kamati nyingine zote, hata zile zinazosema kweli.

Kwa hiyo naomba haya.

Kwanza, msafara uwe na bajeti yake na mdhamini wake, mbali na mfuko wa watoto. Kuna makampuni ambayo hayawezi kutoa milioni kumi taslimu lakini yanaweza kutoa dizeli, magari mawili, au unga na maharage ya siku 18. Waombeni kwa jina hilo hilo, udhamini wa msafara. Siku ya kilele mshereheshaji asome mistari mitatu: tumekusanya kiasi hiki, msafara umekula kiasi hiki na umelipiwa na fulani, watoto wanapata kiasi hiki. Hapo hata ile kauli ya kila shilingi kwenda kwa watoto itakuwa kweli.

Pili, kila gari liwe na madereva wawili, na asiye kwenye usukani awe amelala, asiwe anachonga miti. Gari lisitembee usiku isipokuwa limebeba mgonjwa. Fulana si mgonjwa.

Tatu, watembeaji wakae kulia, mstari mmoja, waanze kukiwa na mwanga. Magari yatangulie na kungoja. Anayetaka picha ya bango aipige uwanjani.

Nne, kabla ya matembezi, watu wawili waipite njia yote, mmoja wao awe mwanamke, waandike kila kituo: maji yako wapi, choo kitakaa wapi, kivuli kipo, zahanati ya karibu ni ipi, mwenyekiti wa kijiji ameshaambiwa. Barua ya polisi mnayo siku zote, nawasifu kwa hilo. Mwenyekiti wa kijiji naye apate yake.

Tano, kila siku ya saba iwe ya mapumziko, kwa miguu na kwa magari.

Sita, bima ikikatwa iwe na majina ya wapishi, utingo, muuguzi na madereva. Safari ile karatasi ya bima ilikuwa na majina 40. Tungepata ajali kati ya Dakawa na Dumila, mimi nisingekuwemo.

Nimalizie na mama mmoja tuliyekutana naye Kibaigwa, nje ya soko la mahindi. Nilikuwa nimeegesha nasubiri watembeaji. Alikuja na mtoto mgongoni, wa miezi mitatu hivi, miguu yote miwili imefungwa plasta ngumu, hogo kama tunavyosema mtaani. Watoto kama yule ndio tuliokuwa tunatembea kwa ajili yao. Mguu kifundo, yaani mguu uliopinda tangu kuzaliwa, humpata takriban mtoto mmoja katika kila 1,000 wanaozaliwa, na tiba yake, iliyobuniwa na daktari Ignacio Ponseti, haihitaji upasuaji mkubwa. Mguu unanyooshwa kwa mikono kidogo kidogo na kufungwa hogo, kila wiki jipya, mara tano hadi nane hivi. Watoto wengi wanakatwa kidogo mshipa wa kisigino. Kisha wanavaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, karibu mchana na usiku kwa miezi mitatu, halafu usiku tu mpaka miaka minne hivi. Ni tiba ya subira. Anayeacha katikati, mguu unarudi ulivyokuwa.

Mama yule alisoma bango ubavuni mwa gari, akauliza kama tunakwenda Dodoma leo. Nikamwambia tunakwenda, ila tutafika baada ya siku nne. Akacheka, akidhani namtania. Kesho yake ilikuwa siku ya kubadilisha hogo, na wiki iliyopita hakwenda. Utingo akamuuliza kwa nini, akidhani labda hospitali wanadai fedha nyingi. Akajibu, "Hogo hawanitozi, mwanangu. Nauli ndiyo inanishinda."

Utingo akaniangalia. Tulikuwa na fedha ya dizeli ya siku hiyo. Tukampa nauli ya kwenda na kurudi, wiki mbili, tukamsimamishia basi. Mchana ule tulitembea kwa mafuta yaliyobaki kwenye tangi, na gari la pili likatuchangia lita tano kwa mpira.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu nauli haionekani kwenye picha za hospitali. Hakuna mgeni rasmi anayekabidhi hundi ya boksi iliyoandikwa nauli. Lakini bila hiyo nauli, mahogo sita ya mwanzo yanapotea bure. Mkilijua hilo kwa mtoto, lijueni pia kwa msafara unaomchangia.

Kati ya zile risiti 14, ya nauli ya mama yule haimo. Mweka hazina aliniuliza kwa nini dizeli ya siku ile ni pungufu kuliko siku nyingine, nikamwambia barabara ilikuwa mteremko. Naomba radhi kwa uongo huo, nami nausahihisha hapa.

Nasikia mwaka huu kuna matembezi mengine yanapangwa. Nitakuja. Gari limebadilishwa klachi. Utingo anauliza kama safari hii jina lake litakuwemo kwenye karatasi ya bima, na mama mpishi anauliza nani atamrudishia kanga zake.

Wenu katika safari,

Dereva wa gari la maji